Mwembe, ukuta na kapita: kisa cha kiwanja kimoja cha Kampemba

Shule moja ya msingi katika komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi, ilipata fedha za kujenga ukuta kuzunguka kiwanja, madarasa mawili mapya na bomba la maji kutoka barabarani. Kiwanjani mlikuwa na miti miwili mikubwa: mwembe upande wa mashariki na mjakaranda karibu na lango. Ramani ya ujenzi ilionyesha ukuta, lango, madarasa, njia ya bomba, hata mahali pa mlingoti wa bendera. Miti haikuwamo.

Naanza na ramani kwa sababu karibu kila kosa lililofuata lilianzia hapo. Aliyeichora hakuwa na nia mbaya. Alipewa vipimo vya kiwanja akachora kilichoagizwa. Lakini kapita, yaani msimamizi wa wajenzi, anachimba kile ramani inachomwambia, na mti usiochorwa anakutana nao akiwa tayari ameshika jembe, amekubaliana bei, na ana tarehe ya kumaliza. Kuanzia hapo mti ni kikwazo tu.

Kamati ya wazazi iliniita mimi kama injenieri wa kilimo wakati kazi imeshaanza, mwezi wa sita. Aliyesimamisha mambo ni mama anayewauzia watoto mandazi chini ya mwembe wakati wa mapumziko. Aliona mfereji unaelekea shinani, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati. Jina la shule na la mjenzi siyataji. Hayabadilishi chochote katika uchambuzi huu.

Nilichokikuta

Mjakaranda ulikuwa umeshaumizwa. Mfereji wa msingi wa nguzo za lango na wa kipande cha kwanza cha ukuta ulipita mita 1.1 tu kutoka shinani, upande wa barabara, kwa kina cha sentimita 70. Ndani ya mfereji niliona mizizi minne minene kama mkono wa mtu mzima, imekatwa kwa panga, ncha zake zimechanika na kukaushwa na jua. Shina lilikuwa limeinama kidogo kuelekea uani, mahali ambapo wanafunzi hupanga mistari asubuhi. Nitaurudia mti huo, kwa sababu uamuzi wake ulikuwa mgumu kuliko wote.

Mwembe ulikuwa bado mzima. Nilipima mzunguko wa shina kwa utepe wa fundi cherehani, kwenye kimo cha mita 1.5: sentimita 245. Ukigawa kwa 3.14 unapata kipenyo cha sentimita 78. Kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 5837, toleo la mwaka 2012, kinataka eneo la ulinzi wa mizizi liwe mduara ambao nusu-kipenyo chake ni mara 12 ya kipenyo cha shina, usizidi mita 15. Kwa mwembe huu ni mita 9.4 kutoka shinani kila upande. Wajerumani katika DIN 18920 wanahesabu kwa njia nyingine: eneo lote lililo chini ya matawi, na mita 1.5 zaidi. Nilipima pia kwa njia hiyo na majibu yakakaribiana. Kwetu hakuna kipimo kama hicho ambacho kapita analazimika kukifuata katika kazi ndogo ya ukuta wa shule. Sheria 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inaweka misingi ya kulinda mazingira nchini, lakini haimwambii mtu achimbe umbali gani kutoka mti wa mwembe. Kwa hiyo nilitumia kipimo cha mara 12, kwa sababu mtu yeyote mwenye utepe anaweza kukirudia na kunisahihisha.

Ramani ilitaka ukuta upite mita 3.2 mashariki ya shina, na bomba lipite mita 2 magharibi yake. Ukiuchora ule mduara wa mita 9.4 kwenye karatasi na kupitisha mistari hiyo miwili, unaona hesabu inayotisha. Mfereji wa ukuta peke yake unatenga asilimia 29 ya eneo la mizizi. Mfereji wa bomba unatenga asilimia 37 nyingine. Jumla ni karibu theluthi mbili ya eneo lote. Na kazi ingefanyika mwanzoni mwa kiangazi, mwembe ukiwa unachanua. Mvua zetu, takriban milimita 1,200 kwa mwaka, hunyesha karibu zote kati ya Novemba na Aprili, kwa hiyo mti ungekaa miezi bila tone la maji huku umebaki na mizizi ya kipande chembamba kati ya mifereji miwili.

Zaidi ya mifereji, kulikuwa na jambo ambalo watu wengi hawalioni kama madhara. Kapita alikuwa amepanga kila kitu chini ya kivuli cha mwembe: mchanga, kokoto, mifuko ya saruji, mahali pa kuchanganyia betoni, pipa la maji, jiko la kupikia bukari (ugali) ya mchana. Lori la mchanga lilikuwa limeshaingia na kugeuzia hapo hapo. Namwelewa. Jua la Lubumbashi halina huruma, na anayefanya kazi ya mikono hutafuta kivuli kabla ya kitu kingine chochote. Lakini kivuli cha mti kiko juu ya mizizi yake, na matairi ya kwanza kupita ndiyo yanayoshindilia udongo zaidi kuliko yote yanayofuata. Udongo ukishindiliwa, matundu madogo yanayobeba hewa na maji yanazibika. Mzizi unapumua, ukikosa hewa unakufa hata kama hakuna aliyeugusa. Maji yanayooshwa kwenye toroli za betoni nayo ni makali sana kwa sababu ya chokaa iliyomo ndani ya saruji, yanaunguza mizizi myembamba na kubadilisha udongo wetu ambao kwa asili una tindikali.

Maneno ya kapita

Kapita ni mtu wa makamo aliyejenga sana mjini, na watu wake wanamheshimu. Nilipomweleza shida alinisikiliza akiwa ameegemea beleshi, kisha akasema, “Mama injenieri, hii muti iko nguvu. Haitakufa juu ya mizizi mbili.” Vijana wakacheka. Direkta wa shule, aliyekuwa amesimama pembeni, naye akacheka kidogo.

Kicheko kile sikukichukua kama tusi, na nadhani hapo ndipo mazungumzo yalipookoka. Kapita alikuwa na hoja tatu, na kila moja ilikuwa na ukweli ndani yake.

Ya kwanza: mwembe una mzizi wa kati unaoshuka chini sana, kwa hiyo hii ya juu juu si kitu. Ni kweli kwamba mwembe uliooteshwa kwa mbegu hushusha mzizi mrefu, unaoweza kufika mita kadhaa. Mzizi huo unaushikilia mti na kutafuta maji ya mbali. Lakini chakula na sehemu kubwa ya maji huchukuliwa na mizizi myembamba iliyo kwenye sentimita 60 za juu, na mingi zaidi iko kwenye 30 za kwanza, kwa sababu huko ndiko kuna hewa na majani yaliyooza. Imetandazwa kama mkeka, na inavuka mbali nje ya kivuli cha matawi. Msingi wa ukuta wa sentimita 70 unaikata yote.

Ya pili: mizizi ikiachwa itavunja ukuta. Hofu hii ina msingi karibu kabisa na shina, ambako mizizi minene inaponenepa huweza kuinua ukuta mwepesi. Lakini udongo mwekundu wa hapa hauvimbi wala kusinyaa sana kama udongo mweusi wa mabondeni, kwa hiyo ile hatari ya mti kukausha udongo na kuzamisha msingi ni ndogo kwetu. Mzizi unaopita chini ya boriti iliyoinuliwa juu ya nguzo, yenye nafasi chini yake, hauna cha kuvunja.

Ya tatu ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Kapita alisema amejenga nyumba nyingi karibu na miti, amekata mizizi, na siku alipoondoka miti yote ilikuwa hai. Namwamini kabisa. Mti mkubwa una akiba ya chakula katika shina na matawi. Ukikatiwa mizizi leo, mwaka huu unachanua, mwakani unatoa majani madogo kidogo, mwaka unaofuata ncha za matawi ya juu zinakauka, na baada ya miaka mitatu, mitano au zaidi unakufa au unaangushwa na upepo wa mvua za kwanza. Wakati huo kapita yuko kwenye shantiye (kazi ya ujenzi) ya tano kutoka hapo. Hakuna anayemwita kuja kuona. Uzoefu wake ni wa kweli, lakini kila mara unasimama kabla ya matokeo.

Nilimwuliza kama kati ya viwanja alivyojenga zamani kuna anachopita mara kwa mara. Akakumbuka nyumba moja ambayo mwembe wake ulikauka. “Ule mchwa ndio waliula,” akasema. Nikamwuliza ukuta ulipita umbali gani. Akanyoosha mkono, kisha akanyamaza kidogo. Mchwa wamejaa Katanga nzima, vichuguu vyao ndivyo tunavyochimbia udongo wa matofari. Wanaingia kwenye mzizi uliokufa kwa sababu umekufa. Kuvu nao huingilia kwenye mikato iliyochanika. Miaka inapita, na anayepewa lawama ni mdudu aliyekuja mwisho.

Hapo sikuendelea kubishana. Niliomba kijembe kidogo na ndoo ya maji, tukachimba shimo la majaribio mita 5 kutoka shinani, kwenye mstari wa ukuta. Sentimita 15 chini tulikutana na mzizi mnene kama kidole gumba, kando yake myembamba mingi isiyohesabika. Tukauosha kwa maji na kuufuata kwa mikono mpaka ukapita chini ya rundo la mchanga wake. Kapita alisema mizizi ile ilikuwa “ya majani tu”. Lakini mmoja wa vijana wake aliendelea kuufuata bila kuambiwa, na mama wa mandazi akawaita wazazi wengine waje kuangalia. Kwa kazi ya kushawishi watu, shimo lile lilifanya zaidi ya maelezo yangu yote.

Palipokuwa na kizuizi cha kweli

Ilinichukua muda kutambua kwamba wachimbaji walikuwa wanalipwa kwa mita. Kijana anayekutana na mzizi na kuuzunguka kwa uangalifu anapoteza mita mbili za siku ile, yaani anapoteza chakula cha nyumbani kwake. Ukimwambia “usikate” bila kugusa malipo yake, unamwomba alipie mti kwa mfuko wake. Panga linakata mzizi kwa sekunde chache, na akifunika udongo hakuna atakayejua. Nasisitiza jambo hili kwa sababu tumezoea kusema watu hawajali. Wengine kweli hawajali. Hawa walikuwa na sababu ya kukata iliyoandikwa katika mapatano yao wenyewe, na hakuna semina ya mazingira ingeifuta.

Nilipendekeza kwa kamati kwamba kazi yote ndani ya mduara wa mita 9.4 ilipwe kwa siku, na sehemu iliyobaki ya ukuta iendelee kwa mita. Direkta alipinga. Aliogopa watu wangejivuta, na alikuwa na haki ya kuogopa, kwa kuwa fedha zilikuwa na mwisho. Alisema pia neno ambalo wazazi wengi walilikubali: watoto kwanza, miti baadaye. Nilimjibu kwa kumwuliza watoto wale wanapumzikia wapi mwezi wa tisa na wa kumi, jua linapokuwa kali kabisa kabla ya mvua, na madarasa ya mabati yanapochemka. Alikuwa na jibu, nami nilikuwa nalo, maana tulikuwa tumesimama hapo hapo, chini ya mwembe. Akakubali malipo ya siku kwa masharti kwamba mtu wa kamati awepo kazini. Mama wa mandazi ndiye aliyechukua jukumu hilo.

Tulichofanya kwenye mwembe

Bomba lilihamishwa. Badala ya kukata kiwanja kwa mshazari, lilifuata ukuta wa kusini, njia ndefu kidogo lakini nje kabisa ya mduara. Huo ulikuwa uamuzi rahisi kuliko yote, na ulilinda sehemu kubwa kuliko yote. Mfereji wa bomba unaweza kupinda; kinachotakiwa ni mtu wa kuuliza kabla mabomba hayajanunuliwa.

Ukuta haukuweza kuhama, kwa kuwa ni mpaka wa kiwanja. Karibu mita 18 zake zilikuwa ndani ya mduara. Hapo tuliacha msingi wa mfereji wa moja kwa moja, tukajenga juu ya nguzo. Yalichimbwa mashimo madogo ya sentimita 60 kwa 60, umbali wa mita 3 hivi kati ya moja na jingine, kwa mikono, kwa kijembe na maji, bila sululu. Mzizi mwembamba kuliko sentimita 2.5 ulikatwa kwa msumeno, mkato safi. Mnene zaidi uliachwa, na shimo likasogezwa. Mashimo mawili yalisogezwa. Kabla ya kumwaga betoni tuliyatandika nailoni nzito ili maji ya saruji yasiingie udongoni. Mizizi iliyobaki wazi ilifunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, na udongo ukarudishwa siku ile ile. Juu ya nguzo ilikaa boriti ya betoni yenye fero (nondo) ya kutosha, imeinuliwa kidogo juu ya ardhi, na matofari yakaanzia hapo. Uwazi uliobaki chini ulizibwa kwa kokoto zilizomwagwa bila saruji, kwa sababu wazazi walihofia mbuzi na wezi.

Kapita alipiga hesabu mwenyewe. Fero iliongezeka, mawe ya msingi na kuchimba vilipungua. Tofauti haikuwa kubwa kama alivyotarajia. Na lazima niseme wazi kwamba boriti ile aliijenga vizuri sana. Kazi ya kupata nguzo zisizo na nafasi sawa na bado kunyoosha ukuta inahitaji fundi, na yeye ni fundi.

Kuhusu kivuli, kumfukuza mtu kivulini bila kumpa kingine hakufai. Kamati ilinunua turubai, likafungwa kwenye kona ya kaskazini, na shughuli ya kuchanganya betoni na kupika ikahamia huko. Mwembe ulizungushiwa mabati ya zamani yaliyofungwa kwenye miti iliyosimikwa. Kwanza tulijaribu kamba peke yake, na asubuhi iliyofuata mifuko ya saruji ilikuwa ndani yake. Mabati yalikaa.

Mahali lori lilipokuwa limegeuzia, udongo ulikuwa mgumu mpaka fimbo ya chuma ilikataa kuingia. Tulitoboa kwa mtalimbo mashimo membamba mengi, tukayajaza mbolea iliyooza, tukatandaza juu yake vipande vya mbao na majani makavu kwa unene wa sentimita 8 hivi, bila kugusa gome la shina. Zamu (mlinzi) wa shule alimwagilia hadi mvua zilipoanza. Direkta alishauri tupunguze matawi “ili mti upumzike”, na ni ushauri unaosikika sana. Niliukataa: majani ndiyo yanayotengeneza chakula cha kuotesha mizizi mipya, na mti uliojeruhiwa chini hausaidiwi kwa kujeruhiwa juu.

Mjakaranda

Nilitamani kuuokoa. Ni mti wa kutoka Amerika ya Kusini, lakini kwa mtu aliyekulia hapa, barabara za zambarau za mwezi wa tisa na wa kumi ni sehemu ya mji wenyewe. Kipenyo chake kilikuwa sentimita 51, mduara wake wa mizizi mita 6.1 kutoka shinani, na mfereji ulikuwa ndani ya mita 1.1. Umbali huo hauhusu tena chakula tu. Hapo ndipo ilipo mizizi inayoushikilia mti usianguke. Tena ilikatwa upande wa barabara, kinyume cha mwinamo, upande unaovutwa kama kamba shina linapotaka kuangukia uani. Mzizi wa aina hiyo ukikatwa hakuna kinachouchukulia nafasi kwa haraka, na dhoruba za Novemba zilikuwa zinakaribia, watoto wakipanga mistari chini yake.

Niliandika ukatwe, na ukakatwa kabla ya shule kufunguliwa. Wazazi wawili walinikasirikia: vipi mtu aliyekuja kutetea miti anatia saini ya kukata? Hasira yao ilikuwa ya haki, ila ilifika kwa mtu asiyehusika. Mti ule uliangamia siku mfereji ulipopita, na kama ramani ingekuwa na mduara mmoja wa penseli, lango lingesogezwa mita tano bila gharama yoyote.

Kapita alitaka kutumia ukataji huo kama ushahidi wake: “Unaona, hata wewe unakata.” Nilimwonyesha kisiki na ile mizizi minne. Tangu panga lipite ilikuwa imeoza ncha na kuvu wameshaingia. Hakusema kitu, nami sikumdai neno.

Hali ya sasa

Misimu miwili ya mvua imepita. Mwembe umezaa mara zote mbili. Upande wa magharibi majani ni mazito; upande ambao lori liligeuzia kuna matawi madogo yaliyokauka ncha, na yanahitaji kuangaliwa kila mwaka. Sitangazi ushindi, kwa sababu hoja yangu kwa kapita ilikuwa kwamba mti hujibu baada ya miaka, na hoja hiyo inanihusu mimi pia. Ukuta haujapasuka popote juu ya boriti.

Kapita bado anasema mwembe ungepona hata kwa msingi wa kawaida. Hatujakubaliana. Lakini awamu ya pili ya ujenzi ni vyoo, na ramani ya kwanza iliviweka mita 6 kutoka shinani. Safari hii kamati ilikataa kuipokea mpaka mduara wa mita 9.4 uchorwe, na katika mapatano mapya kuna mistari miwili: kazi ndani ya mduara inalipwa kwa siku, na sehemu ya malipo ya mwisho inashikiliwa hadi mtu wa kamati athibitishe kwamba hakuna mzizi mnene uliokatwa. Kapita amesaini. Ameomba tu turubai liwe kubwa zaidi ya lile la kwanza, na kamati imekubali kulinunua.